Mama Miwani na Mpangaji Wake wa Miguu Minane

Ukimpelekea Mama Miwani miwani iliyovunjika, hakukuuliza imevunjikaje. Aliivaa kwanza. Aliivaa hata kama imebaki na kioo kimoja, akakutazama nayo, akabana midomo kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, kisha akasema, "Kumbe hivi ndivyo unavyotuona." Watu wengi walicheka. Wachache walitazama chini kana kwamba amewasomea barua yao kwa sauti. Baada ya hapo ndipo aliivua, akashusha lenzi yake ya jicho moja kutoka kwenye paji la uso, akaanza kazi.

Sijui alizaliwa wapi hasa wala baba yake alikuwa nani, na sitajifanya najua. Nilijua tu kwamba kwao ni magharibi mwa nchi, kwa sababu kila mwaka alitumiwa kumbikumbi waliokaushwa, akawatafuna mezani kama njugu na kuwapa wateja bila kuwaambia ni nini. Ninachoweza kuandika ni miaka minne niliyoketi kando yake huko Ngara, ndani ya jengo lenye vibanda vingi kuliko madirisha. Meza ilikuwa moja, imegawanywa kwa utepe mwekundu wa gundi: kulia miwani yake, kushoto simu zangu. Jina lake halisi sikuwahi kusikia mtu akilitaja. Mimi nilimwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya mtaani. Yeye aliniita mama, kama watu wa kwao wanavyowaita wasichana wanaowapenda.

"Mama, nipe hiyo bisibisi."

"Mathe, iko mbele yako."

"Najua iko mbele yangu. Nimesema nipe."

Kabla sijaendelea, nikiri jambo moja kunihusu, maana bila hilo hadithi haitaeleweka. Ufundi wa simu nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kwa kuharibu simu tatu za jamaa zangu. Mtu aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia sasa imetosha. Kwa hiyo mimi sijui kumaliza. Nafunga simu, nalala, naamka nikiwaza kwamba skrubu moja ya ndani haikulingana na nyingine, nafika kazini naifungua tena. Hakuna mteja atakayeiona skrubu hiyo maishani mwake. Najua. Naifungua tu. Hata aya hii nimeiandika mara sita.

Mama Miwani alikuwa na kipimo kimoja cha kumaliza. Alikaza mkono wa miwani, akakurudishia, akakuamuru utikise kichwa. Ukatikisa.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi."

Akishasema "basi" alikuwa amekusahau, anamgeukia mwingine. Neno hilo nililionea wivu kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Kuna jamaa mmoja nilikaa na simu yake siku tisa ingawa ilipona siku ya pili. Kila akija namwambia kesho. Siku ya tisa alikuja na mke wake, na nikaona wamejipanga kwa vita. Mama Miwani alivusha mkono juu ya ule utepe, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akachukua simu kutoka mikononi mwangu na kumpa mwenyewe.

"Piga mtu."

Jamaa akampigia mke wake aliyesimama hapo hapo. Simu ikalia ndani ya mkoba.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi. Chukua ukimbie kabla huyu hajaifungua tena."

Msidhani alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Alirekebisha miwani ya watu wa kila aina, lakini yake mwenyewe mkono mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, na uzi ukikatika alifunga mwingine. Nilipomwambia nitamtafutia skrubu alisema, "Ya nini? Imeshika." Aliwakemea vijana wanaovaa miwani isiyo na nguvu ili waonekane wasomi, halafu akaikaza miwani hiyo kwa heshima ileile, na wakiondoka akaniambia, "Wacha wavae. Siku moja watasoma kitu." Na huyu mwanamke aliyekaa mwaka baada ya mwaka na buibui mwenye manyoya umbali wa kiwiko, alimwogopa kinyonga kiasi cha kuvuka barabara. Siku moja kinyonga alionekana kwenye ua wa ploti tuliyokuwa tunaishi Riruta, na Mama Miwani alikataa kutoka nje hadi saa tano. Alituma ujumbe: "Ameenda?" Nikamjibu hajaenda, amesogea kama inchi mbili. Akajibu: "Hiyo ndiyo shida yake."

Sasa nimefika kwa buibui.

Alifika ndani ya gunia la makaa. Getini kwa ploti yetu kulikuwa na mama aliyeuza makaa kwa debe, na Jumamosi moja alilifungua gunia lililotoka upande wa Kitui, akapiga yowe. Tukatoka sote. Juu ya makaa alikuwa amesimama buibui wa rangi ya kahawia, mfupi, mnene, mwenye manyoya kama kipande cha zulia. Akikunja miguu angetosha juu ya kifuniko cha soda. Watu wazima wanane walikuwa wameshika malapa.

"Ua! Ua hiyo kitu!"

"Ngojeni kwanza nione," akasema Mama Miwani.

Alikuja na lenzi yake na glasi tupu ya maji. Akamfunika na glasi, akachuchumaa, akaangalia. Aliangalia muda mrefu hivi kwamba waliokuwa na malapa walianza kuona haya, mmoja mmoja wakayavaa tena miguuni na kurudi nyumbani. Mimi nilibaki kwa sababu niliogopa kumpa buibui mgongo.

"Ana nywele kwa miguu," alisema. "Zimechanwa vizuri kuliko zako, mama."

Mteja wake mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyesomea wadudu na aliyekalia miwani yake kila muhula, ndiye aliyetueleza ni nani huyu. Alimtazama kwa lenzi hadi akasahau miwani iliyomleta. Akasema ni jamii ya tarantula, lakini ile midogo, tarantula kibete. Watu wakisikia tarantula wanafikiria kitu cha ukubwa wa sahani. Kumbe kuna aina ambazo zinakua, zinazeeka na kufa zikiwa ndogo hivi. Hana haja ya kushikwa. Anakimbia kuliko unavyodhani. Anafuma sana, kwa hiyo msimsumbue. Na kila asubuhi, akasema, mhesabieni miguu, kwa sababu buibui hana njia ya kulalamika. Akipatwa na shida, mara nyingi utaiona miguuni kwanza.

Mama Miwani alimtafutia nyumba: mkebe wa peremende wa plastiki, ule mpana wa dukani unaoonyesha ndani, wenye karatasi yake ya picha za peremende. Akautoboa kwa sindano ya moto, akatia udongo, gome la mti, na kifuniko cha soda chenye maji. Akauweka katikati ya meza, juu kabisa ya ule utepe mwekundu, ili kila mmoja wetu awe na nusu. Jina hakumpa. Alimwita Mpangaji.

"Hapigi muziki, haleti wageni, hatumii maji mengi," aliwaambia watu. "Nionyesheni mwingine kama huyo Ngara nzima."

Ndani ya wiki chache Mpangaji alikuwa ameugeuza ule mkebe kuwa kitu kingine. Alifuma mashuka juu ya mashuka, vyumba, ngazi, na handaki refu jeupe lililoanzia chini ya gome la mti na kutokea karibu na maji. Wateja walizoea kuinama na kuuliza.

"Mathe, huyu atakua lini?"

"Amemaliza. Wewe utamaliza lini?"

Chakula ndicho kilichotutia aibu. Mpangaji alitaka mende mdogo mmoja kwa wiki, aliye hai. Mama Miwani alimjaribisha na kumbikumbi wake mkavu, Mpangaji akapita juu yake kama anayevuka gogo. "Anataka kinachotembea. Ana maringo," alisema Mama Miwani, akamla kumbikumbi yeye mwenyewe. Kisha akainuka na kwenda hoteli ya chapati iliyokuwa kwenye ujia wetu. Ilikuwa saa saba mchana, meza zote zimejaa.

"Baba, nisaidie na mende mmoja mdogo."

Watu waliacha kutafuna.

"Mende? Kwangu?" mwenye hoteli akasema.

"Mmoja tu. Lakini asiwe amepuliziwa dawa, nisije nikaua mtu."

"Mathe, hapa hakuna mende!"

"Kwani umepulizia dawa?"

"Sijapulizia chochote!"

"Hujapulizia, na hakuna?"

Mteja mmoja akasukuma sahani yake taratibu hadi katikati ya meza. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu, mwenye hoteli alituletea kiberiti kilichofungwa kwa gazeti, anakiweka mezani akitazama pembeni. "Ni kutoka kwa jirani yangu," alisema kila mara. Sharti lake lilikuwa moja: Mama Miwani asikanyage tena hotelini kwake saa ya chakula.

Wanawake wa kanisa lake nao walikuja, watatu, na leso zao na nyuso za mazungumzo mazito. Walikuwa wamesikia. Mkubwa wao aliutazama mkebe kisha akarudi hatua moja.

"Dada, huyo si wa Mungu."

"Nani alimuumba?"

"Mungu."

"Basi ni wa nani?"

Wakanywa chai. Baada ya hapo yule mkubwa alipita mara kwa mara kufutiwa vioo ambavyo havikuwa vichafu, na kabla ya kuondoka aliinama na kunong'ona, "Amekula?"

Mama Miwani hakumshika Mpangaji hata siku moja. Vijana walimchokoza amtoe atembee mkononi wapige picha, naye aliwajibu, "Mimi sipendi kushikwashikwa. Sasa kwa nini nimfanyie mwenzangu?" Alichopenda ni kumtazama. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, aliinamia mkebe na kuhesabu kwa kidole bila kugusa plastiki. Mpangaji akiwa ndani ya handaki, alingoja, ananywa chai, anangoja, hadi atoke. Kisha akatangaza kwa sauti ya mtu anayefungua duka:

"Nane. Tuko sawa."

Na mimi, niliyekuwa nimeamka na wasiwasi wa skrubu ya jana, nilijikuta nikitulia. Miaka mitatu siku yangu ilianzia hapo. Nane, tuko sawa.

Mwaka wa nne nikaanza kuona vitu. Skrubu alizitafuta kwa ncha ya kidole. Alianza kuwaomba wateja wamsomee maandishi madogo ya mkono wa miwani, akisema ni yao, wayajue. Lenzi yake haikupanda tena kwenye paji la uso. Ilikaa jichoni kutwa. Sikusema. Kusema kungekuwa na maana kwamba jambo limeshatokea.

Halafu asubuhi moja aliingia, akainama, na palepale akasema, "Nane. Tuko sawa."

Nikatazama mkebe. Mpangaji hakuwepo. Alikuwa ndani ya handaki, hata unyayo hauonekani.

"Mathe, umemwona wapi?"

Alivua koti polepole. Alilitundika. Alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Nilikuwa nakisia," akasema. Kisha: "Kama mwezi hivi."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji ni mfupi na wengi huona tena vizuri, lakini Mama Miwani alikuwa ameuahirisha mara mbili bila kumwambia mtu. "Nimefungua miwani ya nusu ya Ngara," alinieleza, "lakini sitaki mtu anifungue mimi." Binti yake alipojua alikuja mwenyewe na kumchukua akakae kwake Kileleshwa, kwenye ghorofa zile zenye mlinzi na kitabu cha wageni. Binti huyo alifanya kazi ofisini, alizungumza taratibu, na alimpenda mama yake kwa namna ya kutaka apumzike. Alitaka kibanda kifungwe. Mama Miwani hakutaka. Walibishana mbele yangu, kila mmoja kwa upole wa kutisha, mpaka mama akasema:

"Tufanye hivi. Nikipona, niletewe Mpangaji. Nikihesabu miguu yake bila lenzi, narudi kazini. Nikishindwa, funga, na sitasema neno."

"Mum, hiyo kitu haiingii kwangu."

"Ataingia mara moja. Akiwa kwa mkebe."

Binti akakubali. Kabla ya kuondoka, Mama Miwani aliniachia maagizo yake: "Maji kwa kifuniko. Mende mmoja Jumatatu. Usimfanyie kitu kingine. Umesikia, mama? Kitu kingine chochote."

Nilisikia. Nataka iandikwe kwamba nilisikia.

Lakini siku ya nne niliona kidoa cheupe kwenye kona ya mkebe. Huenda kilikuwa ukungu, huenda kilikuwa utando tu. Nikasoma kwenye simu kwamba ukungu unaweza kumdhuru. Nikatazama zaidi, nikaona mabawa ya mende wa zamani yamenasa ndani ya mashuka, vumbi, maganda aliyojivua. Nyumba ilikuwa chafu. Nikamwazia Mama Miwani akifungua macho mapya na kuona uchafu niliouacha. Jumamosi asubuhi nilitandika kitambaa, nikachukua kibano na brashi ninayosafishia simu, nikafungua mkebe, nikaanza kumfanyia usafi. Nilifanya kazi nzuri sana. Niliondoa mashuka yote, ngazi zote. Nilipovuta handaki, kazi ya miaka, lilitoka zima kama soksi.

Mpangaji akaruka kutoka ndani. Yule mwanafunzi alikuwa ametuonya kwamba anakimbia, lakini sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa chini, kisha alikuwa mdomoni mwa mkebe, na mimi nikabamiza kifuniko cha mkebe kwa nguvu.

Alirudi ndani. Mguu mmoja ulibaki ukingoni.

Sitaeleza sana dakika zilizofuata. Niseme tu kwamba niliwaza gundi. Nina gundi ya vioo vya simu inayoshika chochote, na kwa muda fulani, nikiwa na akili zangu timamu, nilipima kama ingeshika mguu wa buibui. Kisha nikauweka ule mguu kwenye kifuko kidogo cha plastiki ninachowekea skrubu, kwa sababu sikuweza kuutupa na sikujua mahali pengine pa kuweka kitu kidogo hivyo.

Jioni Mama Miwani akapiga simu. Jicho la kwanza lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, limefunikwa.

"Mpangaji yuko?"

"Yuko, Mathe."

"Ngapi?"

Niliutazama mkebe. Ulikuwa safi kabisa. Kwenye kona, bila uzi hata mmoja wa kujifunika, alikuwa amejikunja kama kifungo kilichokatika.

"Nane," nikasema.

"Tuko sawa," akasema, na nikasikia anavyotabasamu.

Alipiga kila jioni. Kila jioni nilisema nane. Mpangaji hakula Jumatatu hiyo, wala iliyofuata. Nilisoma kwamba buibui anaweza kuota mguu mwingine akijivua ganda, kwa hiyo nikaanza kumwomba ajivue upesi, jambo ambalo halina upesi. Nilimrudishia gome lake la mti na udongo, nikafunika mkebe kwa kitambaa, nikakaa kimya. Sikugusa kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku ya kumi, nilipoinua kitambaa, kulikuwa na uzi mmoja kutoka kwenye gome hadi ukutani. Kesho yake kulikuwa na shuka dogo. Jumatatu ya tatu mende alipotea. Nilimkumbatia mwenye hoteli, naye akaniomba nisimwambie mtu sababu.

Jicho la pili likafanyiwa, likapona, na siku ya mtihani ikafika. Nilifunga mkebe kwa leso na kwenda Kileleshwa. Mlinzi wa getini akauinua ukingo wa leso, akaona zile picha.

"Peremende?"

"Ndiyo."

"Nipe moja."

"Zimeisha."

"Sasa mkebe unaupeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Ghorofa ya tatu, nikasimama ngazini. Nitaandika nililoomba pale, kwa sababu nimejiahidi kutoficha. Kwanza niliomba Mpangaji awe ndani ya utando wake asionekane. Kisha nikaomba jambo jingine. Niliomba Mama Miwani asione vizuri sana. Aone kiasi. Aone buibui, asione miguu. Niliomba hivyo juu ya macho ya mtu aliyenipa nusu ya meza yake.

Alikuwa ameketi dirishani na miwani mikubwa myeusi, kama mwanamuziki aliyestaafu. "Sasa, mama!" akanisalimu kabla sijasema neno. Binti yake alisimama nyuma ya kiti cha mezani, amekishika kwa mikono miwili kama ngao. Niliuweka mkebe juu ya stuli yenye kitambaa cha kufuma. Mpangaji, ambaye kwa kawaida huficha hata kivuli chake, alikuwa amejitandaza ukutani mwa mkebe kama ramani.

Mama Miwani alivua miwani myeusi. Macho yake yalikuwa mapya. Sina namna nyingine ya kusema. Akainama. Kidole kikapanda, bila kugusa plastiki.

"Moja. Mbili. Tatu..."

Akafika saba, kidole kikasimama hewani. Akaanza tena, upande wa pili.

"Saba," akasema.

"Mum," binti yake akasema kwa upole. "Buibui ana miguu minane. Hata mtoto wa chekechea anajua. Na jana umeambiwa nane kwa simu, nilikuwa hapa."

"Najua wenzake wana minane. Huyu ana saba."

"Tulikubaliana, Mum."

"Tulikubaliana." Alirudi nyuma kitini. Alitazama mikono yake, kisha dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akiwa hana uhakika. "Labda bado halijatulia, hili la kushoto." Akanigeukia. "Mama. Hesabu wewe."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelizoea, nimelisema siku kumi na tisa. Nane. Ningelisema mara moja zaidi, na siri yangu ingebaki siri, na kibanda kingefungwa kwa upole siku hiyo hiyo, na yeye angeishi akiamini kwamba macho yake yanamdanganya.

"Ni saba," nikasema. "Wa nane uko hapa."

Nikatoa kile kifuko cha skrubu mfukoni. Nilikuwa nimekibeba siku zote, sijui kwa nini. Kisha kila kitu kikanitoka bila mpangilio: kidoa cheupe, brashi, soksi, kifuniko, gundi, hata yale ya ngazini. Niliposema yale ya ngazini binti yake aliketi.

"Kwa hivyo anaona?" akaniuliza.

"Anaona," nikasema. "Anaona kuliko nilivyotaka."

Mama Miwani alikichukua kifuko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakushusha lenzi, hakuwa nayo. Alitazama kwa muda.

"Nywele bado zimechanwa," akasema, karibu kwa kunong'ona. Kisha akanitazama mimi, kwa macho hayo hayo, na nikajua anaona kila kitu kilichokuwa usoni pangu. "Umenidanganya siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na ulikuwa unahesabu?"

"Kila siku, Mathe."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akijizuia kwa sababu daktari alimkataza kutikisa kichwa. "Gundi!" akasema. "Mama, ulitaka kumtia gundi!" Binti yake naye akaanza kucheka, akiwa bado ameshikilia kiti. Mimi nilisimama katikati yao na machozi hadi kidevuni, sijui niungane na nani.

Alipotulia akauinamia mkebe tena.

"Anakula?"

"Anakula. Jumatatu amekula."

"Anafuma?"

"Anafuma. Angalia nyuma ya gome."

Aliangalia nyuma ya gome. Alikuwa anauona ule uzi kutoka pale alipoketi, mimi mwenyewe nilikuwa siuoni.

"Hiyo saba imeshika?"

Mpangaji, ukutani, aliinua mguu mmoja, akaurudisha, akapanda hatua mbili bila kuteleza.

"Imeshika," nikasema.

"Basi," akasema Mama Miwani, akamgeukia binti yake. "Viatu vyangu vya kazi umeviweka wapi?"